Mpini nyuma ya dhahabu: Wachongaji wa miti wa Chunya wanastahili nafasi yao

Chunya ikitajwa, akili za Watanzania wengi hukimbilia dhahabu. Ni haki yake. Tangu dhahabu ilipogunduliwa katika eneo la Mto Lupa mwaka 1922, wilaya hii iliyo kaskazini mwa Jiji la Mbeya imepokea watu wa kila kabila na kila bara waliokuja kutafuta maisha. Katika miaka ya 1930 machimbo ya Lupa yalikuwa miongoni mwa makubwa kabisa Tanganyika. Leo majina ya Makongolosi, Matundasi, Itumbi na Sangambi yanatajwa kila siku na wachimbaji wadogo, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko lake rasmi la madini.

Hata hivyo, dhahabu iliyochimbwa kwa mkono ilitanguliwa na kazi nyingine ambayo haionekani katika vitabu vya mauzo. Mtu aliingia porini, akachagua mti, akaukata, akauchonga, na kilichotoka mikononi mwake kikaitwa mpini. Sururu inayovunja udongo, nyundo inayogonga tindo na koleo linalojaza ndoo vyote hushikwa kwa mti. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Mchimbaji wa Chunya anaujua ukweli wa maneno hayo kwa mwili wake, kwa sababu nyundo ikichomoka kwenye mpini ndani ya duara, yaani shimo jembamba la mgodi, aliye chini yake hana pa kukimbilia.

Makala haya yanamhusu aliyeuchonga mpini huo. Ni yuleyule anayechonga kinu cha kutwangia kisamvu, mwiko wa kusongea ugali, kigoda cha jikoni na mzinga wa nyuki. Hana duka wala kibao cha jina, na vijana wengi wanaiona kazi yake kuwa ya wasiosoma. Nasema mapema ninachokiamini: huyu ni fundi kamili, sawa na mwashi na seremala, na miombo ya Chunya itakuwa salama zaidi siku atakapohesabiwa miongoni mwa watu wanaoitegemea kihalali.

Kila mti na kazi yake

Barabara inayotoka Mbeya kwenda Chunya, safari ya kilomita 70 hivi, hupanda kwanza milimani na kupita kwenye miti ya paina ya Kawetire iliyopandwa kwa mistari. Ukishuka upande wa pili, mistari inakwisha na pori la miombo linaanza. Hapo hakuna aliyepanda. Miti imejiotea yenyewe, mirefu na mifupi, minyoofu na iliyopinda, na moto wa kila kiangazi umeiachia makovu.

Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina misitu ya hekta milioni 48.1, na asilimia 93 kati ya hizo ni mapori ya aina hii, ambako miti haifungamani kama katika msitu mnene wa milimani. Chunya ni mojawapo ya wilaya zinazobeba pori hilo. Asiye mwenyeji huona miti tu. Mchongaji huona ghala lenye vyumba vingi.

Mninga una kiini chekundu cha kahawia, hauchezi sana unapokauka, na mchwa hawaupendi. Ndiyo maana hutakiwa kwa milango, vitanda, ngoma na vinu. Mkongo ni mgumu na mzito, na hustahimili mvua. Mkole haufikii unene wa kutoa mbao, lakini una sifa ambayo mbao nyingi hazina: hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo tangu zamani umechongewa pinde, fimbo na mipini. Mkwaju hutoa kinu na mchi visivyochakaa haraka. Mng'ongo ni laini, hukubali tezo bila ubishi, na hufaa kwa bakuli, vigoda na vinu vya kazi nyepesi. Mpingo una uzito unaoufanya uzame majini, na ugumu unaomaliza makali ya kisu kabla kazi haijaanza kuonekana.

Ujuzi huo wa kuchagua haukuandikwa popote pa kusomwa na mwanafunzi. Unakaa kichwani mwa mafundi, na hupita kwa mtoto anayefuatana na baba yake au mjomba wake porini. Mtoto huyo huonyeshwa mti, huambiwa jina lake, hupewa kipande akione kinavyopasuka, kisha husubiri miaka kabla ya kuruhusiwa kuchagua mwenyewe.

Jicho hutangulia tezo

Kuchonga huanza kabla ya chuma kugusa mti. Fundi wa mipini huuzunguka mti anaoutaka, hutazama gome lake, na kwenye mikunjo ya gome husoma nyuzi za ndani zinakoelekea. Mti ambao gome lake limejisokota una nyuzi zilizojisokota pia, na mpini wake utakatika. Fundi anahitaji nyuzi zilizonyooka tangu mwanzo wa mpini hadi mwisho wake. Zikikatiza kwa mshazari, siku nyundo itakapokutana na mwamba mgumu, mpini utavunjika palepale zilipokatiza.

Kwa sababu hiyo mafundi wazuri hupasua gogo kwa kabari badala ya kulipitisha kwenye msumeno. Msumeno hukata pale mkono unapoupeleka, hata kama nyuzi zinakwenda upande mwingine. Kabari hufuata njia ambayo mti wenyewe umeiweka. Kipande kilichopasuliwa hutoka na nyuzi zake zikiwa nzima, na mpini uliotokana nacho hudumu kuliko uliokatwa kutoka kwenye ubao wa mashine, hata kama huo wa mashine unang'aa zaidi.

Baada ya kupasua, shoka hupunguza. Kisha inakuja zamu ya tezo, ambayo bapa lake limekingama na mpini kama jembe dogo. Fundi huushika mti kwa mkono mmoja au huukanyaga kwa mguu, na tezo hushuka kwa mapigo mafupi, kila pigo likiondoa kibanzi chembamba. Kosa lake halisahihishiki. Mfinyanzi anaweza kurudisha udongo, mshonaji anaweza kufumua uzi, lakini kibanzi kilichoondoka mtini hakirudishwi. Kila pigo ni uamuzi wa mwisho, ndiyo maana wachongaji wengi hufanya kazi kwa utulivu unaoweza kudhaniwa kuwa ni uvivu.

Tezo ikimaliza, kisu husawazisha mashikio na tupa huondoa vinundu. Wengi hupitisha kipande cha chupa iliyovunjika juu ya mti hadi mkono uteleze bila kukwaruzwa, kwa maana mpini mbaya hujulisha ubaya wake kwa malengelenge.

Umbo lenyewe lina hesabu. Mpini wa sururu huwa mnene kichwani, hupitishwa kwenye tundu la chuma ukianzia mkiani, na kila pigo la mchimbaji huzidi kuukaza. Mpini wa nyundo huingizwa kwa kichwa kisha hubanwa kwa kabari. Shoka la kienyeji lina mfumo wake: kichwa cha mpini huachwa kikiwa kinene, hutobolewa tundu kwa chuma cha moto, na mkia wa bapa hupigiliwa humo. Kadiri shoka linavyotumika, ndivyo bapa linavyozama. Mtu aliyebuni mfumo huo alielewa nguvu ya pigo inakwenda wapi, karne nyingi kabla ya darasa la fizikia kufika Nyanda za Juu Kusini.

Kisha kuna suala la maji. Mti mbichi umejaa maji, na unapokauka hunywea. Hunywea zaidi kuzunguka pete zake kuliko kuelekea kwenye moyo, na tofauti hiyo ndiyo huleta ufa. Mpini uliotiwa kwenye jembe ukiwa mbichi hulegea baada ya muda mfupi, kwa hiyo fundi mwaminifu huiacha mipini ikauke kivulini kabla ya kuiuza. Anayeuza mibichi hupata pesa leo na hupoteza mteja kesho.

Kinu na mzinga

Kinu hufuata kanuni tofauti. Gogo gumu likikauka kwanza, patasi haitaingia ndani yake, kwa hiyo kinu hukombwa gogo likiwa bado bichi. Fundi huanza katikati, pale penye moyo wa mti, kwa sababu moyoni ndiko nyufa huzaliwa na kuuondoa moyo ni kuondoa chanzo. Hukomba kidogo kidogo, akiacha kitako kinene cha kupokea mapigo ya mchi na ukuta usiozidi wala kupungua upande wowote. Kazi ya nje ikiisha, kinu hupakwa matope, samadi au mafuta mahali nyuzi zilipokatwa, kisha huwekwa kivulini ili maji yatoke polepole. Jua kali la Chunya linaweza kuharibu kazi ya siku nyingi kwa mchana mmoja.

Mashine za kukoboa na kusaga zimechukua mahindi yaliyokuwa kazi kubwa ya kinu, na hakuna mwanamke wa Chunya anayeililia alfajiri ya kutwanga. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini kinu hakijaondoka jikoni. Kisamvu hutwangwa humo, karanga hutwangwa humo, na hata mgodini umbo lake lilihamia kwenye chuma, pale wachimbaji wadogo wanapotwanga mawe yenye dhahabu kwa mkono kwenye vinu vya vyuma vizito. Mchongaji wa kwanza wa kinu alibuni umbo ambalo kazi tofauti kabisa imeliona linafaa bila kulibadilisha.

Mzinga wa nyuki una historia ndefu zaidi katika upande huu wa nchi. Wakimbu, ambao maeneo yao ya asili yanagusa kaskazini mwa Chunya, waliishi kwa kutawanyika katika pori kubwa la miombo, wakiwinda na kuvuna asali na nta ambazo ziliingia katika biashara ya misafara ya karne ya 19. Mzinga wa gogo hupatikana kwa kupasua gogo la urefu wa mita moja hadi moja na nusu, kulikomba ndani kila upande, kisha kuviunganisha tena vipande viwili na kuviziba ncha kwa kuacha tundu la nyuki. Hupakwa nta ili kundi livutwe na harufu, na hutundikwa juu mtini.

Ipo njia ya mkato, nayo ni mzinga wa gome. Gome la mti mzima huvuliwa kuzunguka shina, hukunjwa na kufungwa, na mzinga huwa tayari kwa muda mfupi. Gharama yake ni kwamba mti uliovuliwa gome kuzunguka shina hufa ukiwa umesimama, na mara nyingi ni mmojawapo wa miti ileile ambayo maua yake huwalisha nyuki. Mzinga wa gogo huhitaji siku za kazi, lakini mti mmoja hutoa mizinga kadhaa inayodumu miaka, na mzinga huo unaweza kuchongwa kutokana na mti uliokwisha kuanguka. Hapa ufundi na uhifadhi ni kitu kimoja. Anayejua kuchonga hahitaji kuua miti mingi ili apate chombo kile kile.

Urithi wa miaka 476,000

Anayedhani kuchonga mti ni kazi ya kurithi kutoka kwa babu tu na asogee kidogo kuelekea magharibi. Kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, mkoani Rukwa, maji ya Mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 200. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, timu ya watafiti iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilichimbua magogo mawili yaliyolala ndani ya mchanga wenye maji. Gogo la juu lilikuwa limechongwa pengo, na pengo hilo lilikaa sawasawa juu ya gogo la chini. Alama za kukata na kukwangua zilionekana wazi.

Matokeo yalitangazwa Septemba 2023 katika jarida la Nature. Chembe za mchanga uliofunika magogo hayo zilipimwa ili kujua ziliona jua mara ya mwisho lini, na jibu likawa miaka isiyopungua 476,000 hivi iliyopita. Mabaki ya kale zaidi yanayojulikana ya binadamu wa aina yetu yana miaka 300,000 hivi. Kwa maneno mengine, mti ulichongwa na kuunganishwa katika eneo hili kabla binadamu kama sisi hajaonekana duniani, na hakuna mahali pengine ulimwenguni palipotoa ushahidi wa kale zaidi wa magogo yaliyounganishwa kwa makusudi.

Upande wa pili wa nyanda hizi, karibu na mji wa Iringa, bonde la Isimila limehifadhi mashoka ya mkono ya mawe ya zaidi ya miaka 200,000. Mara nyingi tunayatazama mawe hayo tukifikiria wanyama waliochinjwa. Kalambo inatufundisha kufikiria pia miti iliyochongwa kwa zana za namna hiyo ikaoza bila kuacha alama, kwa kuwa jiwe hudumu na mti huoza.

Karne nyingi baadaye, Wafipa na Wanyiha wa eneo hili waliyeyusha chuma kwenye tanuru zao wenyewe na kufua majembe na mashoka. Kila bapa lililotoka kwa mhunzi lilihitaji mpini kutoka kwa mchongaji. Historia imewakumbuka wahunzi kwa sababu tanuru zao bado zinaonekana. Wachongaji waliofanya kazi pamoja nao hawakuacha hata kisiki.

Kinyago kina jina, mpini hauna

Afrika Mashariki inajua kumheshimu mchongaji ikitaka. Vinyago vya Wamakonde vilitoka uwanda wa Mueda nchini Msumbiji na Newala kwetu, vikafika Dar es Salaam, na leo soko la Mwenge linajulikana na wageni kutoka kila pembe ya dunia. Tunajua hata waliobuni mitindo: Samaki Likankoa anatajwa kwa mtindo wa shetani, na Roberto Yakobo Sangwani kwa mtindo wa ujamaa, ule wa watu wanaobebana na kupanda juu kama nguzo moja.

Kwa jirani zetu Wakenya, Mutisya Munge wa Wamunyu anakumbukwa kuwa ndiye aliyejifunza kuchonga vinyago Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kwao Ukambani na kuanzisha kazi iliyokuja kulisha maelfu ya familia. Wachongaji wa Kikamba waliunda ushirika wao Changamwe, Mombasa, wakapata sauti ya pamoja kuhusu bei, mafunzo na malighafi.

Wachongaji wa vyombo vya kazi hawakupata bahati hiyo. Chombo cha kazi hakiwekwi juu ya rafu kikatazamwa. Huchafuka kwa jasho na udongo, huchakaa, kisha huishia jikoni kuwa kuni. Uzuri wake uko katika namna kinavyomrahisishia mtu kazi, na uzuri wa namna hiyo hauuziki kwa mtalii. Lakini mkulima wa tumbaku wa Mtanila anayeamka kwenda shamba, mchimbaji wa Matundasi anayeshuka duarani na mama anayetwanga karanga Chalangwa wote wameushika mkononi. Taifa linalotegemea jembe la mkono kwa kiasi kikubwa kama letu lilipaswa kumjua anayelichongea jembe hilo mpini.

Kutomjua kuna gharama. Kazi isiyo na jina haipati mwanafunzi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hawezi kuwaambia wenzake kuwa anajifunza kuchonga mipini bila kuchekwa, ilhali mwenzake anayebeba mifuko ya mawe mgodini kwa malipo ya siku anaonekana ana mwelekeo. Fundi akizeeka bila mrithi, anaondoka na majina ya miti, na namna ya kusoma gome, na kipimo cha ukuta wa kinu. Kurudisha maarifa hayo baadaye ni kazi kubwa kuliko kuyatunza leo.

Mti unapoishia tanurini

Malighafi nayo inapungua. Chunya ni nchi ya tumbaku inayokaushwa kwa moto wa kuni ndani ya mabani. Ni njia ya mkaa unaokwenda mijini, na mkaa wa tanuru la asili hupoteza sehemu kubwa ya mti: mara nyingi kilo tano hadi kumi za kuni hutoa kilo moja tu. Ni nchi ya migodi inayohitaji matimba ya kushikilia kuta za maduara. Na ni nchi ya magogo na mbao zinazosafiri mbali.

Hakuna kati ya wanaofanya kazi hizo ninayemlaumu kwa kutafuta riziki. Ila miti haijui riziki ya nani ina haraka. Mche wa mninga, kwa mfano, hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa ardhini, mpaka mwaka ambao shina litakuwa na nguvu ya kuushinda moto. Baada ya hapo unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Dunia imeanza kuliona hilo. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kudhibiti biashara ya kimataifa ya miti yote ya jamii ya mpingo, na mwaka 2022 zikaongeza miti ya Afrika ya jamii ya mninga na ya mkongo.

Ndani ya nchi, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, husimamia. Udhibiti huo ni wa lazima na ninauunga mkono. Tatizo ni kwamba utaratibu wake unamtazama zaidi mvunaji wa magogo na mbao, mwenye lori na mtaji. Fundi anayehitaji matawi machache ya mkole au gogo moja la vinu hajioni ndani yake. Akienda porini kimya kimya, anakuwa mharibifu machoni pa sheria. Asipokwenda, ufundi wake unakufa. Na wakati huohuo, mti wa mninga unapovunwa kihalali kwa ajili ya mbao, matawi mazito, visiki na mabanzi hubaki chini yakisubiri moto wa kiangazi, ingawa ndani yake mna mipini, miiko, vigoda na michi isiyohesabika.

Mifano ipo

Suluhisho halihitaji kubuniwa upya. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kwa misitu yao ya asili, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Kijiji kinachomiliki msitu wake kisheria huweka mpango wa uvunaji, huuza miti michache kwa bei ya haki, na mapato hubaki kijijini. Mti unaoleta fedha ukiwa umechaguliwa vizuri hupata walinzi wengi kuliko ule unaolindwa na askari mmoja.

Kwenye pwani ya Kenya, wachongaji waliokuwa wanamaliza miti migumu ya misituni walihamia kwenye mwarobaini, mti unaokua haraka mashambani na viungani mwa nyumba. Wanunuzi wa nje wakauzoea, na wakulima wakapata sababu ya kuupanda. Chunya inaweza kufanya vivyo hivyo kwa miti yake. Mkole na mkwaju vinaweza kuoteshwa kwenye mipaka ya mashamba, na miombo yenyewe ina uwezo mkubwa wa kuchipua tena kutoka kwenye visiki pakizuiwa moto na mifugo kwa miaka ya mwanzo.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, utapunguza njaa ya mkaa ukitekelezwa. Miti itakayookolewa kutoka tanurini inahitaji mtu atakayeipa thamani nyingine, ili isionekane pori tupu la kufyekwa.

Kwa hiyo naziomba mamlaka husika mambo ambayo yako ndani ya uwezo wao. Halmashauri ya Wilaya ya Chunya iwatambue wachongaji kijiji kwa kijiji na kuwaandikisha katika vikundi, kisha vikundi vyenye vijana na wanawake vifikiriwe katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. TFS na serikali za vijiji ziweke kibali kidogo cha fundi, chenye ada nafuu na mipaka iliyo wazi, na zimruhusu kukusanya matawi na mabanzi mahali mbao zimevunwa kihalali. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekwisha kuwatahini na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, wakiwamo waashi na maseremala. Mlango huohuo ufunguliwe kwa mchongaji wa mipini na vinu. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina uzoefu wa kusaidia zana bora, na tezo nzuri ya chuma cha uhakika ingemrahisishia fundi kazi.

Sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu, na haihitaji bajeti ya serikali. Siku ya mnada, kabla ya kununua mpini, utazame ncha zake uone nyuzi zinakwenda wapi, na uulize umetokana na mti gani na umekauka kwa muda gani. Fundi anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Mlipe bei ya mpini utakaokaa misimu mitatu, usimkatie bei hadi ya ule utakaovunjika kabla ya palizi. Na ukiwa na mtoto anayependa kushika kisu na kijiti, mpeleke kwa fundi huyo akae pembeni yake wakati wa likizo. Chunya imekwisha kuonyesha kwamba inajua kuthamini kilicho ardhini. Watu wanaojua kugeuza mti kuwa chombo wapo leo, wanafanya kazi, na bado wanaweza kufundisha.